Seva ya RHEL Inapogoma Kusajiliwa: Saa, Njia, Cheti

Seva imefungwa kabatini, Red Hat Enterprise Linux 9 (RHEL) imeingia vizuri kutoka kwenye flashi, taa zote za kijani. Unaandika `dnf install` ya kwanza, inajibu kwamba hakuna repo (ghala la pakeji, yaani vifurushi vya programu) hata moja. Unajaribu kuisajili kwa Red Hat, terminali inatoa sentensi moja ya Kiingereza kisha inanyamaza. Sentensi hiyo mara nyingi inataja kitu kilichovunjika mwisho, na chanzo kiko hatua mbili nyuma yake. Mwongozo huu umeandikwa kwa mafundi wa TEHAMA wa Kigoma, Kasulu, Kibondo na kwingineko ambako seva inaishi na umeme wa kukatika na intaneti ya bando, kwa sababu nusu ya matatizo haya yanatokana na mambo hayo mawili.

Kwanza ijulikane nini hutokea unapoandika `subscription-manager register`. Seva inaipigia hodi `subscription.rhsm.redhat.com` kwenye mlango 443, inataja jina lake na sifa zake, kisha inapewa cheti cha utambulisho kinachokaa `/etc/pki/consumer`. Kwa cheti hicho inapewa cheti cha pili, cha haki ya kuchukua pakeji, kinachokaa `/etc/pki/entitlement`. Halafu orodha ya repo inaandikwa kwenye faili `/etc/yum.repos.d/redhat.repo`. Pakeji zenyewe zinatoka mahali pengine, `cdn.redhat.com`, na mlinzi wa pale anataka kuona cheti cha pili kila unapopita. Kwa hiyo unaweza kusajiliwa na bado ukanyimwa pakeji, na unaweza kuwa na intaneti nzuri ukashindwa kusajiliwa.

Kabla ya kugusa kitu, andika amri hizi nne kama root, usome majibu yake kwa utulivu:

`timedatectl`
`getent hosts subscription.rhsm.redhat.com`
`curl -v --cacert /etc/rhsm/ca/redhat-uep.pem https://subscription.rhsm.redhat.com/subscription/`
`subscription-manager identity`

Ya kwanza inakuonyesha saa, ya pili inakuambia kama majina yanatafsirika, ya tatu inapima njia na cheti cha upande wa pili, ya nne inasema kama seva tayari ina kitambulisho. Logi ya kufuatilia ni `/var/log/rhsm/rhsm.log`. Ifungue kwenye dirisha la pili kwa `tail -f` wakati unajaribu.

Saa

Dalili: "certificate is not yet valid", au "certificate has expired" kwa cheti ambacho hakijazeeka, au kwenye logi mstari "Clock skew detected, please check your system time". Mstari huo hutokea tofauti kati ya saa ya seva yako na ya kwao inapozidi saa moja.

Kila cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Seva yenye saa mbovu inaona cheti halali kama cha kughushi. Ndiyo maana saa huja kwanza, na ndiyo maana usibadilishe kitu kingine chochote kabla hujaitengeneza.

Linganisha saa ya seva na ya simu yako, lakini soma mstari wa "Universal time", usisome "Local time". Kigoma iko saa tatu mbele ya saa ya dunia, basi simu ikisema 10:00, mstari huo useme 07:00. Kisha tazama tofauti ni ya kiasi gani, maana ukubwa wake unakuonyesha chanzo.

Seva iko mbele kwa saa tatu kamili. Hapa saa ya ubao imehifadhi saa ya hapa nchini na Linux inaisoma kama saa ya dunia. Ni kawaida kwa mashine iliyokuwa na Windows kabla. Njia nyingine ya kufika hapohapo: mtu alikuta ukanda wa saa umewekwa UTC (saa ya dunia), akaona "saa iko nyuma", akaisogeza mbele kwa mkono. Ukanda wa saa peke yake haudhuru vyeti hata kidogo. Kilichodhuru ni kule kusogeza.

Seva iko nyuma kwa saa sita. Hii ni yetu wenyewe. Aliyeiweka aliangalia ukutani, ikawa saa nne asubuhi, akaandika 04:00. Kompyuta haijui kwamba Waswahili tunaanza kuhesabu jua likichomoza, nayo ilitaka 10:00. Cheti ambacho umepewa dakika hii kitaonekana kwa seva kama cha saa ambayo haijafika.

Seva iko nyuma kwa miezi au miaka. Betri ya ubao imekufa. Kila umeme ukikatika na UPS ikaisha, saa inarudi mwanzo. Usitegemee kuona mwaka 1970: wakati wa kuwaka, systemd (programu inayoanzisha mfumo) ikikuta saa iliyo nyuma mno huisogeza hadi tarehe ambayo yenyewe ilitengenezwa, kwa hiyo utaona tarehe ya miaka michache tu iliyopita, inayofanana na kweli. Hilo huwapotosha wengi. Betri yenyewe kwa kawaida ni CR2032, ile bapa ya volti 3, inayouzwa hata kwa mafundi saa. Ipime kwa mita. Ikisoma chini ya 2.7 ibadilishe, na ufanye hivyo seva ikiwa imezimwa na waya wa umeme umetolewa.

Kutengeneza:

`timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`
`timedatectl set-local-rtc 0`
`systemctl enable --now chronyd`
`chronyc makestep`
`hwclock --systohc`

Amri ya `makestep` ni ya lazima. Kwa mpangilio wa kawaida wa `/etc/chrony.conf`, chrony (programu inayolinganisha saa ya seva na ya mtandao) inakubali kuruka kwa mkupuo katika masahihisho matatu ya kwanza tu baada ya kuwaka. Baada ya hapo inasogeza saa polepole, na tofauti ya saa sita haitaisha leo.

Ukiandika `chronyc sources` ukaona alama `^?` kila mstari na safu ya Reach ina 0, mlango 123 wa UDP umezibwa na routa au na mtoa huduma. Hapo omba saa kwa njia ya tovuti:

`curl -sI http://example.com | grep -i ^date`

Utapata mstari unaoishia na GMT. Nakili tarehe yote pamoja na hilo neno GMT, uiweke ndani ya `date -s "..."`. Usijumlishe saa tatu kwa kichwa, `date` inaelewa GMT na itabadilisha yenyewe. Maliza na `hwclock --systohc`. Kama seva ni mashine pepe, fanya haya yote kwenye mashine mama pia, la sivyo saa mbovu itarudi mara tu ikiwashwa upya.

Njia

Dalili: "Network error, unable to connect to server", au amri inakaa dakika tatu bila neno. Dakika tatu hizo zina sababu: subira ya kawaida ya `subscription-manager` ni sekunde 180.

Kama `getent` haikutoa anwani yoyote, tatizo ni DNS, huduma inayotafsiri majina kuwa anwani. Angalia `/etc/resolv.conf`. Mara nyingi imeachwa na anwani ya routa ya zamani. Badilisha kwa `nmcli connection modify JINA ipv4.dns "1.1.1.1 8.8.8.8"` kisha `nmcli connection up JINA`, ukiweka jina la muunganisho wako kama linavyoonekana kwenye `nmcli connection`.

Kama `getent` imejibu na `curl` inasema imeunganishwa, kisha inaganda baada ya mstari wa "Client hello", hilo ni gonjwa la routa za laini ya simu, na linastahili kuelezwa kwa kirefu kwa sababu wengi hulipita. Seva inatuma pakiti za baiti 1500 kama ilivyozoea kwenye kebo. Mahali fulani njiani, ndani ya mtandao wa simu, kuna sehemu isiyopitisha pakiti kubwa hivyo. Kawaida sehemu hiyo ingetuma ujumbe wa kurudi, "punguza", lakini ujumbe huo nao umezuiwa na fayawoli. Matokeo yake pakiti ndogo zinapita, ping inajibu, kurasa nyepesi zinafunguka, ila vyeti, ambavyo ni vizito, vinapotelea njiani. Pima hivi:

`ping -c 3 -M do -s 1472 1.1.1.1`

Namba 1472 ukijumlisha 28 za vichwa vya pakiti unapata 1500. Isipojibu, shuka: 1452, 1432, 1400, 1372, hadi ijibu. Chukua namba iliyojibu, jumlisha 28, hiyo ndiyo MTU yako, yaani ukubwa wa juu wa pakiti inayopita. Ukitaka kutopoteza muda, weka 1400 moja kwa moja, hupotezi kitu cha maana:

`nmcli connection modify JINA 802-3-ethernet.mtu 1400`
`nmcli connection up JINA`

Ikiwa `curl` inaganda lakini `curl -4` inapita papo hapo, routa inaitangazia seva IPv6 isiyofika popote. Izime kwenye muunganisho huo kwa `ipv6.method disabled`.

Ofisi yenye proksi (seva ya kati ambayo intaneti yote hupitia): `subscription-manager` inataka kuambiwa waziwazi.

`subscription-manager config --server.proxy_hostname=10.0.0.5 --server.proxy_port=3128`

Anwani hiyo ni mfano, weka yako. Ukishaiweka hapa, repo za Red Hat kwenye dnf huirithi. Ukitegemea kigeu cha `HTTPS_PROXY` ulichoweka kwenye akaunti yako, kumbuka `sudo` kwa kawaida hukitupa.

Cheti cha mtu mwingine

Dalili: "Unable to verify server's identity" na "CERTIFICATE_VERIFY_FAILED", huku saa ikiwa sahihi.

Rudia ile amri ya `curl -v` ukiongeza `-k` (kwa kutazama tu, ili isikatike kabla ya kuonyesha cheti), tafuta mstari wenye "issuer", yaani aliyetoa cheti. Njia ikiwa safi, pale pataandikwa Red Hat. Ukiona jina la mtoa huduma wa simu, bando limeisha na unarudishwa kwenye ukurasa wa kununua. Ukiona jina la kifaa cha usalama cha ofisi, kifaa hicho kinafungua mawasiliano ya kila mtu katikati, kinayakagua, kisha kinayafunga upya kwa cheti chake.

Hapo usikubali ushauri wa kuweka `insecure = 1` kwenye `/etc/rhsm/rhsm.conf`. Kwanza unaifundisha seva kumwamini yeyote. Pili haitakufikisha, kwa kuwa `cdn.redhat.com` inadai cheti cha seva yako, na kifaa kilichokaa katikati hakiwezi kukiwasilisha kwa niaba yake. Mwambie anayesimamia fayawoli aziondoe `subscription.rhsm.redhat.com` na `cdn.redhat.com` kwenye ukaguzi, mlango 443. Ni mistari miwili tu kwake.

Issuer inaweza kuwa sawa na bado ukapata kosa hili kama seva ni ya mtumba. Mashine iliyowahi kutumika kwenye kampuni yenye seva yake ya ndani ya usajili hubaki imeelekezwa huko. Andika `grep -E "^(hostname|baseurl|repo_ca_cert)" /etc/rhsm/rhsm.conf`. Ukiona jina usilolijua, ondoa mabaki:

`dnf remove 'katello-ca-consumer*'`
`subscription-manager config --server.hostname=subscription.rhsm.redhat.com --server.prefix=/subscription --rhsm.baseurl=https://cdn.redhat.com --rhsm.repo_ca_cert=/etc/rhsm/ca/redhat-uep.pem`
`subscription-manager clean`

Ingawa kwa mashine ya mtumba, kama hakuna data ya kuokoa, kusakinisha upya ni salama zaidi.

Jina na nywila

"Invalid username or password": jina la kuingilia la Red Hat si lazima liwe barua pepe yako. Lijaribu kwenye kivinjari kwanza. Likikubali huko na kukataliwa hapa, tuhumu alama zilizomo kwenye nywila. Ukiandika `--password "Dagaa$5kilo"`, bash inadhani `$5` ni kigeu, inakifuta, na kinachofika ng'ambo ni Dagaakilo. Alama ya mshangao nayo huleta "event not found". Acha kabisa `--password`, amri itakuuliza yenyewe na nywila haitabaki kwenye historia ya terminali.

Ukiambiwa ukubali masharti kwanza, ingia kwenye akaunti kwa kivinjari uyakubali, kisha rudia. Kwa seva nyingi, tengeneza ufunguo wa usajili kwenye `console.redhat.com` na utumie `subscription-manager register --org=NAMBA --activationkey=JINA`. Namba ya shirika ni tofauti na namba ya akaunti, na kuzichanganya hizi mbili ndiko kunakoleta kosa.

Imesajiliwa, ila dnf haioni kitu

`subscription-manager status` kwenye RHEL 8 na 9 inaweza kusema "Overall Status: Disabled". Usishtuke. Soma mstari unaofuata: ukitaja Simple Content Access, maana yake huhitaji tena kuambatisha leseni kwa kila seva moja moja. Miongozo ya zamani inayokwambia uandike `attach --auto` imepitwa, achana nayo.

Kama "There are no enabled repositories" bado ipo, kagua mambo matatu. `subscription-manager config` ionyeshe `manage_repos` ikiwa 1. Mtu aliyetaka kutumia DVD pekee huiweka 0 akasahau. Faili `/etc/dnf/plugins/subscription-manager.conf` iwe na `enabled=1`. Na `subscription-manager list --installed` itaje bidhaa. Orodha ikiwa tupu, faili `/etc/pki/product-default/479.pem` imepotea, kwa mashine za x86_64 hilo ndilo tangazo kwamba hii ni RHEL, nalo huja na pakeji ya `redhat-release`. Likikosekana hata usajili ukikamilika hakuna repo itakayoandikwa. Angalia pia `/etc/os-release`: kama ni AlmaLinux au Rocky, hizo hazihitaji usajili huu hata kidogo.

Kisha washa zinazohitajika:

`subscription-manager repos --enable=rhel-9-for-x86_64-baseos-rpms --enable=rhel-9-for-x86_64-appstream-rpms`

Masasisho yamekoma ingawa kila kitu kinasema sawa? `subscription-manager release --show`. Ikiwa imefungwa kwenye 9.2, utabaki 9.2 daima. `release --unset` inaifungua.

Kosa "Status code: 403" kutoka `cdn.redhat.com` maana yake mlinzi amekiona cheti akakikataa. Tazama tarehe zake: `openssl x509 -noout -dates -in` ikifuatiwa na jina la faili lililo `/etc/pki/entitlement`, lile lisilo na neno key. Kikiwa kimekwisha kwa sababu seva ilizimwa muda mrefu, `subscription-manager refresh` halafu `dnf clean all` vinatosha, na hakikisha `rhsmcertd` inafanya kazi ili isijirudie. Kikikataliwa hata baada ya hapo, leseni ya akaunti yenyewe imekwisha. Leseni ya bure ya wasanidi binafsi, inayoruhusu mifumo hadi 16, ni ya mwaka mmoja na huhuishwa kwa kujiandikisha tena.

Mapacha na mizimu

Mashine pepe zilizonakiliwa kutoka seva iliyokwisha kusajiliwa zinabeba cheti kimoja. Kwenye akaunti inaonekana seva moja tu, ambayo sifa zake zinabadilika-badilika, na ukifuta rekodi moja zote zinakufa kwa "410 Gone". Kwenye kila nakala andika `subscription-manager clean`, `truncate -s 0 /etc/machine-id`, futa `/etc/insights-client/machine-id` kama ipo, iwashe upya, kisha isajili. Mashine ya kunakilia itolewe usajili kwa `subscription-manager unregister` kabla ya nakala ya kwanza.

Zingatia tofauti: `unregister` inafuta rekodi hapa na kule Red Hat, `clean` inafuta hapa tu. Anayesakinisha upya mara tano bila `unregister` anaacha majina matano ya seva zisizokuwepo, na kwenye leseni ya mifumo 16 mizimu hiyo inabana nafasi. Zifute kwenye console.

Mtandao ukiwa mwembamba mno

Usajili wenyewe ni mwepesi. Kinachomaliza bando ni orodha za repo, makumi ya megabaiti kila zinapopakuliwa upya. Kwenye `/etc/dnf/dnf.conf` ongeza `timeout=120`, `retries=20` na `metadata_expire=7d`. Kwa `redhat.repo` muda wa orodha huandikwa humo humo, kwa hiyo kwa repo hizo tumia `subscription-manager repo-override --repo=JINA --add=metadata_expire:604800`.

Na kama unahitaji pakeji leo na laini haipo, ile ISO kamili ya DVD ina BaseOS na AppStream zote. Ipachike kwa `mount -o loop,ro` kwenye `/mnt`, kisha tengeneza `/etc/yum.repos.d/dvd.repo`:

`[dvd-baseos]`
`name=DVD BaseOS`
`baseurl=file:///mnt/BaseOS`
`enabled=1`
`gpgcheck=1`
`gpgkey=file:///etc/pki/rpm-gpg/RPM-GPG-KEY-redhat-release`

Rudia kipande hicho kwa AppStream ukibadilisha jina na njia. Pakeji za DVD hazina marekebisho ya usalama yaliyotoka baada ya toleo hilo, kwa hiyo laini ikirudi weka `enabled=0` kwenye vipande vyote viwili, sajili, na uendeshe `dnf upgrade` usiku ambapo bando ni la bei nafuu.